Kituo cha masomo ya jioni pale Mwanga, Kigoma: kwa mwenye mdogo wake aliyeacha shule kwa ajili ya mpira

Nyota nne kati ya tano. Hiyo moja nimeizuia na huko chini ntasema kwanini, ila nianze na la msingi, hiki kituo kimemrudisha mdogo wangu darasani baada ya mpira kumtoa shule na kumwacha njiani, na kama nyumbani kwako kuna kijana anayelala na viatu vya mpira chini ya kitanda basi soma mpaka mwisho hata kama ni ndefu, naandika kwa simu hapa Kibirizi nasubiri dagaa wakauke.

Kituo chenyewe hakina bango. Watu wa Mwanga wanasema tu "kwa mwalimu". Ukitoka sokoni unafuata uchochoro wa mafundi cherehani unakuta nyumba ya tofali za kuchoma, mlango wa bluu, vyumba viwili vya darasa, nje kuna mwembe ambao wanafunzi wanaegesha baiskeli zao. Wanafundisha masomo ya sekondari kwa watu walioachwa na mfumo, wa QT (mtihani wa maarifa, unaompa mtu sifa ya kufanya mtihani wa kidato cha nne), watahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha nne, na wale wanaorudia mtihani. Yupo mama mmoja wa watoto watatu anakaa benchi la mbele kila siku, wapo bodaboda, yupo mlinzi anayeondoka saa tatu kasoro kuwahi lindo, na wapo vijana wa mpira, mwaka huu ni sita. Mdogo wangu ni mmoja wa hao sita.

Sasa ili muelewe kwanini nasifia hivi inabidi niseme alifikaje pale.

Huyu dogo mpira ulimwingia jumla tarehe 25 Julai 2021, siku ya ile fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, Simba na Yanga walipokuja kuchezea hapa kwetu uwanja wa Lake Tanganyika. Kwetu tulilaza wageni saba sebuleni, wengine hata hatuwajui vizuri, ndugu wa ndugu. Nilimpeleka uwanjani kwa hela ya dagaa, alikuwa na miaka 13, na Taddeo Lwanga alipofunga lile bao moja la Simba kwa kichwa huyu mtoto hakushangilia, alisimama tu kaduwaa, mikono kichwani. Usiku ule akaniambia dada mi ntacheza pale. Nikamwambia inshallah, ukimaliza shule. Nilikuwa namaanisha, na yeye alikubali.

Kufika kidato cha tatu alikuwa anacheza namba sita, kiungo wa kukaba, kwenye timu ya mtaa na watu wazima, mechi za kugombea mbuzi, na kila wikiendi kuna mtu anakuja kuniambia dada yule mtoto wako sio wa hapa. Mimi ndiye niliyemlea tangu mama alipofariki kwahiyo maneno kama hayo yalinifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza. Ndo akatokea jamaa mmoja, simtaji na wala sitaji alikojiita anafanyia kazi, kavaa traksuti, anajitambulisha mara kocha mara wakala. Akasema ana huduma ya kuwapeleka vijana Dar kwenye majaribio ya timu kubwa, laki tatu ya usajili wa majaribio, laki na nusu ya malazi na chakula, nauli juu yenu. Nikamuuliza maswali mengi siku ile ila moja ndo nalikumbuka mpaka leo, nilimuuliza, kaka yangu, na akikosa je? Akacheka akaniambia dada, huyu hakosi.

Hilo jibu ndo lilitakiwa linifukuze. Mtu anayejua mpira hawezi kukuambia hakosi.

Basi nikauza mzigo wa magunia matatu kwa bei ya hasara, dogo akaacha shule mwezi wa nane akiwa kidato cha tatu, mtaa mzima ukamsindikiza stesheni, timu yake wakaimba mpaka treni inaondoka. Alikuwa na miaka 16.

Dar kule walikuwa vijana kumi na moja chumba kimoja. Majaribio aliyoahidiwa ni ya siku tano, akacheza dakika ishirini, siku moja, kwenye uwanja wa vumbi, mbele ya watu ambao hakuambiwa wametoka timu gani. Baada ya hapo ikawa subiri dirisha la usajili, subiri kocha arudi safari, kisha wakaanza kuambiwa habari za kwenda nje, Oman, sijui wapi, tuma laki mbili za pasipoti. Hapo ndipo nilipoanza kusoma mwenyewe, na naliweka hili wazi kwa ajili ya dada na kaka wengine: kanuni za FIFA zinazuia mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kwenda timu ya nchi nyingine, kuna misamaha michache tu na hakuna unaomhusu mtoto wa Kigoma anayepelekwa peke yake Uarabuni. Na wakala wa kweli ana leseni ya FIFA, na akitaka kumfuata mtoto lazima awe na idhini ya mzazi au mlezi kwa maandishi. Mimi sikuwahi kusaini karatasi yoyote. Nilitoa hela na kuagana na mtoto basi.

Sikutuma ile laki mbili. Malazi yakakatika, dogo akawa anabeba zege kwenye nyumba inayojengwa jirani ili ale, na mimi ananiambia yuko mazoezini. Mwezi wa kwanza usiku mmoja akapiga, hakusalimia hata, akasema dada naomba nauli.

Alivyoshuka stesheni hapa nilimtambua kwa mwendo, sio kwa sura. Viganja vyake vilikuwa vimechanika kwa saruji, ngozi ngumu nyeupe nyeupe, na vile viatu nilivyomnunulia soli ya mguu wa kulia imefungwa na waya.

Nikaenda kuuliza habari ya kumrudisha shule. Na hili pia watu wengi hawalijui, tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali warudi, watu walizungumzia zaidi mabinti waliopata ujauzito lakini haikuwa kwa mabinti peke yao. Mlango ulikuwa wazi. Aliyekataa ni dogo mwenyewe. Wenzake wameshaingia kidato cha nne, yeye arudi akae na watoto waliokuwa nyuma yake, halafu kila mtu pale aliona anavyosindikizwa na nyimbo. Alikaa ndani miezi miwili. Anatoka usiku tu, kama mtu anayedaiwa.

Sikumlazimisha, na sijutii.

Sasa turudi kwa mwalimu. Jirani yangu ndiye aliyenitajia, nikaenda mwezi wa tatu bila dogo, nikakuta mwalimu mkuu anafuta ubao, mzee wa makamo, mstaafu. Nikampa shikamoo nikaanza kueleza, nimefika nusu akaniuliza, anacheza namba ngapi? Nikasema sita. Akasema mlete Alhamisi, mwambie aje na viatu.

Hicho kitu cha kuja na viatu ndo kilimtoa dogo ndani. Alidhani anaitwa kwenye timu, na kwa kiasi fulani ilikuwa kweli, maana wale vijana wa kituo Alhamisi wanacheza saa kumi mpaka saa kumi na mbili halafu wanaenda wote darasani na jasho lao. Ratiba yao imekaa hivyo makusudi. Kwetu huku jua linachelewa, linazama kama saa moja hivi nyuma ya milima ya Kongo, kwahiyo kijana anafanya mazoezi yake yote ya jioni, anaoga kama anaweza, kipindi kinaanza saa moja na robo mpaka saa tatu na nusu, Jumatatu mpaka Ijumaa. Hakuna anayeambiwa achague. Shule aliyotoka (siitaji) mazoezi yalikuwa yanahesabika kama utoro, alichapwa kwa kuchelewa akitoka uwanjani, na naamini kabisa hiyo ilikuwa nusu ya sababu ya yeye kuona shule na mpira ni maadui.

Kwa kuwa mtihani wa kidato cha pili alikuwa ameufaulu hakuanzia QT, anasomea moja kwa moja mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Wenzake wawili walioacha mapema zaidi wao wanaanza na QT kwanza. Mwalimu alinieleza haya yote siku ya kwanza, kwa utulivu, akaniandikia kwenye karatasi masomo gani, mtihani wa mwezi gani, usajili unafunguliwa lini, gharama zipi za kituo na zipi za Baraza la Mitihani. Nililinganisha na yule wa traksuti, nikatoka pale machozi yananilengalenga njia nzima.

Walimu wako wanne. Wa Kiingereza na uraia ni kijana, ana miaka ishirini na kitu, na huyu ndiye nataka nimsifie kwa jina ila hakunipa ruhusa. Mwezi wa tano hivi alikuja na somo ambalo mdogo wangu alilileta mpaka hapa Kibirizi. Nilikuwa nageuza dagaa kwenye chanja, akachuchumaa pembeni akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne, imechapwa, imejaa Kiingereza. Akasema dada nikusomee. Akawa anasoma sentensi anatafsiri, anasoma anatafsiri, anakwama anarudi, na mi naendelea na dagaa wangu kama sisikii ili asione aibu.

Ilikuwa inahusu wachezaji wa vyuo vikuu Marekani, ule mpira wao wa kushika na mikono na kuvaa kofia ngumu, wanaoacha chuo kabla hawajamaliza ili wakacheze kwa malipo. Kumbe kule nako ni mjadala mkubwa kila mwaka. Ligi yao, NFL, kila mwaka timu zinachagua vijana kwa zamu, raundi baada ya raundi, na haimpokei mtu mpaka iwe imepita miaka mitatu tangu amalize sekondari. Kuna mmoja aliwashtaki mwaka 2003, Maurice Clarett, akitaka aruhusiwe mapema zaidi, akashindwa mahakamani kwenye rufaa mwaka 2004. Na kijana anayefikiria kuondoka kabla ya kumaliza chuo anaweza kuomba tathmini kwenye kamati ya ushauri, watu wanaojua kazi wanaangalia mechi zake halafu wanamjibu kwa kifupi sana: una uwezo wa kuchaguliwa raundi ya kwanza, au raundi ya pili, au hakuna hata moja ya hizo, na hiyo ya tatu maana yake ni baki shule.

Nilimwambia arudie hapo.

Yaani kuna watu kazi yao ni kumwambia kijana baki shule! Mtu anaweza kuwapuuza, na wengi wanawapuuza nasikia, lakini ameambiwa, na hakuuziwa hilo jibu kwa laki nne na nusu. Mi yule wa kwangu niliyemlipa aliniambia hakosi. Tangu siku ile nikisikia mtu anaitwa wakala hapa mjini nauliza kwanza, je, ameshawahi kumwambia kijana yeyote hapana? Kama hajawahi, huyo anauza nauli tu.

Halafu kuna jambo dogo aliliona mwenyewe, mwalimu hakumwambia. Alisema dada, lakini hawa wanaosemwa wameacha shule mapema, sekondari si wameshamaliza? Na chuo wamekaa miaka mitatu. Ni kweli kabisa. Yule anayesikitikiwa kule kwamba kaondoka mapema amebakiza mwaka mmoja apate digrii, huku kwetu tunamtoa mtoto kidato cha tatu tunaimba stesheni. Nilikaa kimya maana mmoja wa walioimba ni mimi.

Kwenye karatasi kulikuwa na wachezaji watatu. Wa kwanza Emmitt Smith, aliacha Chuo Kikuu cha Florida akiwa amebakiza mwaka mmoja, Dallas Cowboys wakamchukua 1990 akiwa chaguo la 17, akabeba ubingwa wa Super Bowl mara tatu, na kumbe alimwahidi mama yake kwamba atamaliza, akawa anarudi chuo ligi ikisimama mpaka akahitimu 1996, wakati huo tayari ni staa wa nchi nzima na hela anayo. Wa pili Jerome Bettis, aliondoka Notre Dame mapema, akachaguliwa wa kumi mwaka 1993, akacheza miaka mingi, akabeba Super Bowl Februari 2006 kwenye mji aliozaliwa, Detroit, akastaafu, na mwezi wa tano 2022 akahitimu digrii yake Notre Dame akiwa na miaka 50. Miaka hamsini! Dogo alirudia hiyo namba mara mbili. Mimi nina thelathini na nne na huwa nasema nimechelewa.

Wa tatu ndo alimsoma kwa sauti ndogo. Marcus Lattimore, South Carolina, wa kukimbia na mpira, kila mtu alijua atakuwa mkubwa, goti likaharibika vibaya Oktoba 2012 mechi na Tennessee. Akaingia hivyo hivyo, San Francisco wakamchukua raundi ya nne 2013, wakampa muda apone, goti likakataa, 2014 akastaafu bila kucheza hata mechi moja ya ligi. Dogo alikunja karatasi akaangalia ziwa muda mrefu. Akasema huyu hakukosea kitu.

Hakukosea, na mdogo wangu pia hakukosea kwa kupenda mpira, na nilimwambia hivyo hivyo pale pale kwenye chanja, kwa mara ya kwanza tangu arudi.

Baadae nilienda kuangalia mwenyewe kwenye simu kama mwalimu kawaambia ukweli, na nikakuta na jingine, kwamba tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo kule wanaruhusiwa kulipwa kwa kutumia jina na sura yao, matangazo na kadhalika, kwahiyo wapo ambao sasa wanaona hakuna haraka ya kuondoka, wanakula huku wanasoma. Mwezi ule ule sisi tuko Lake Tanganyika tunaangalia Simba na Yanga. Sisemi serikali yetu iwalipe watoto wa sekondari, sina maana hiyo, nasema kijana akiwa na sababu ya kubaki anabaki. Kwa hawa sita wa kwa mwalimu sababu ni ndogo sana, ni ratiba tu na uwanja wa Alhamisi, na imetosha.

Najua kuna watakaoniandikia mbona Samatta. Yule wa traksuti naye alianza na Samatta, kila wakala anaanza na Samatta. Mbwana Samatta nampenda kama dada yake, Wembley mwezi wa tatu 2020 alipowafunga Man City kwa kichwa kwenye fainali nilipiga kelele mpaka majirani wakaja, lakini tuseme njia yenyewe ilivyokuwa. TP Mazembe walimchukua 2011 akiwa anaichezea Simba, ligi kuu, mbele ya watu, wameshamwona anafunga. Akakaa Lubumbashi miaka kama mitano, ndo Genk mwanzoni mwa 2016, ndo Aston Villa 2020. Hakutolewa kwenye mechi ya mbuzi akapandishwa ndege. Miaka tisa ya kazi wanaifupisha kuwa sentensi moja wanaiuza kwa watoto wetu.

Haya, kwanini sio nyota tano.

Moja, hisabati. Mwalimu wa hisabati anafundisha sehemu nyingine pia na kwa wiki anaweza kukosa siku mbili, hatoi taarifa, wanafunzi wanakaa mpaka saa mbili ndo wanaambiwa haji. Mama yule wa benchi la mbele anatembea kutoka Gungu, usiku, kwa ajili ya kipindi ambacho hakipo. Nimelisema hili kwa mwalimu mkuu uso kwa uso, akakubali kosa, lakini mpaka leo halijakaa sawa.

Maabara hakuna. Biolojia wanachora tu. Walisema watakubaliana na shule moja ya jirani wawe wanaenda Jumamosi kwa mazoezi ya vitendo, tumechangia elfu tano tano kila mtu, wameenda mara moja.

Halafu risiti. Ada ni elfu ishirini na tano kwa mwezi, unatuma kwa simu kwa namba ya mwalimu, hupewi risiti, anaandika kwenye daftari lake. Ni mwaminifu, sijasikia mtu aliyedhulumiwa, lakini mimi nimeshatapeliwa mara moja kwa njia hiyo hiyo ya kutuma kwa simu kwahiyo moyo unanidunda kila mwisho wa mwezi, na sitaki kituo kizuri namna hii kifanane na watu wale hata kwa kitu kidogo. Nunueni kitabu cha risiti jamani, ni bei ndogo.

Na vyoo, kimoja kwa wote, wanawake na wanaume. Taa ya sola ipo umeme ukikatika ila ni moja kwa vyumba viwili, wanahamia chumba kimoja wanabanana. Ukiweza mpe kijana wako tochi.

Mabinti nina wasiwasi nao kidogo, saa tatu na nusu usiku ni usiku. Wale vijana wa mpira wamejipangia wenyewe kuwasindikiza wanaoelekea upande wa Gungu na Katubuka, hakuna aliyewatuma, ila siku wakiwa na mechi nje ya mji hakuna wa kusindikiza. Kituo kingepanga utaratibu wake.

Zaidi ya hapo sina malalamiko. Dogo sasa ana miezi saba pale. Jiografia amepata 61 kwenye jaribio la mwisho, Kiswahili 70, hisabati 28 na nimeshasema sababu, Kiingereza kutoka 19 hadi 47. Daftari lake la Kiingereza ukilifungua kwa nyuma kapanga vikosi, mishale mingi, namba sita kaizungushia duara, na chini ya kikosi kimoja mwalimu kasahihisha kwa wino mwekundu neno la Kiingereza la beki alilokosea herufi. Hakumfokea kwa kuchora, kasahihisha tu akaendelea. Mi daftari lile nimelifungua mara nyingi sana nikiwa peke yangu.

Mpira anacheza. Timu moja ya ligi ya mkoa imemwita, amesaini mwenyewe mbele yangu na mbele ya mwalimu, karatasi tumeisoma wote watatu mstari kwa mstari, na mazoezi yao yanaisha saa kumi na mbili. Tulimuuliza kocha wao swali lile lile, akikosa namba je? Kocha akasema basi atakaa benchi mwaka huu, namba sita ninao wawili wakubwa kuliko yeye. Dogo akanuna kidogo. Mimi nilimpenda yule kocha papo hapo.

Kwa wanaotaka kwenda: mchana usisumbuke, mlango umefungwa, nenda kuanzia saa kumi na mbili na nusu. Beba cheti au matokeo ya kidato cha pili kama yapo, na cheti cha kuzaliwa, na hakikisha majina yanafanana herufi kwa herufi, sisi tulihangaika wiki tatu kwa sababu ya herufi moja. Usajili wa mtihani ukifunguliwa lipa mapema, ukichelewa kuna faini. Kama kijana wako anacheza mwambie aje na viatu Alhamisi. Na mwalimu akikuuliza nani kakuelekeza sema dada wa namba sita, atanijua.